Sauti ya Atai Kwenye Ukurasa wa Vijana

Kiyeyi,
Tororo, Uganda.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Asekenye,

Shikamoo. Natumaini joto la Mombasa halijakuchosha na kwamba mguu wako umepona. Sisi tu wazima. Baba amemaliza kupalilia mihogo. Bibi anakohoa asubuhi, lakini anakula vizuri.

Shangazi, rafiki yangu Atai, niliyekaa naye dawati moja, alizama mwezi wa nne katika lile shimo la zamani la kuchimba mawe, ambalo mvua hulijaza maji. Hata baada ya mazishi watoto wanaendelea kuogelea humo. Kwa hiyo niliandika makala ya kuwaonya, nikaipeleka Busia, upande wa Kenya, kwa Bwana Okumu, mhariri wa jarida la vijana.

Alisoma akacheka. "Binti, hii ni hotuba ya mazishi! Msomaji wako ana miaka kumi na mitatu. Ongea naye kama mnakula muwa pamoja. Sentensi fupi, vichwa vya kuchekesha, visanduku vya rangi, picha yenye maneno yanayotoka mdomoni."

Nilijaribu kuongea kirafiki, na kila sentensi ikaja kwa sauti ya Atai. Sikumwiga kwa makusudi. Kwenye picha ya shimo niliandika: "We! Ndiyo, wewe mwenye soksi zilizolowa! Kuja hapa karibu!" Ndivyo alivyozoea kutuita. Maneno hayo niliyazungushia duara, mkia wake ukaelekea majini, kwa kuwa sikuweza kuuchora uso wa Atai.

Sikutaka makala itoke bila ruhusa ya mama yake. Nikaenda kumsomea mchana, pamoja na Bibi. Unajua kwetu sauti ya marehemu haiitikiwi; anayeitika humfuata. Nilipofika kwenye "kuja hapa karibu", Mama Atai akaitika, "Nakuja, mwanangu." Akasimama, akatoka bila viatu, akashika njia ya shimoni. Bibi alimkamata kwenye migomba, akamziba mdomo kwa kiganja.

Mama Atai akarudi ndani, akaketi. Nikasema nitaichana karatasi. Akanishika mkono.

"Usichane. Ni yeye kabisa. Lakini mwambie asiite watu. Awarudishe."

Nikabadilisha. Sasa duara linasema: "We! Geuka! Rudi nyumbani ukaoshe sufuria!" Mama Atai alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Bwana Okumu ameikubali. Itatoka mwezi wa saba, yenye jina langu chini.

Jana Adeke, binti wa jirani zetu wapya, na wenzake walirudi mbio kutoka shimoni, nguo zao kavu. Nikawauliza kulikoni.

"Kuna dada alitupigia kelele," Adeke akasema. "Eti turudi tukaoshe sufuria! Kwani yeye ni mama yetu?"

Wenzake walicheka. Nikauliza kama walimwona.

"Sauti tu. Ilitoka kwa maji."

"Mliitika?"

"Tuitike nini? Tulikimbia!"

Shangazi, jarida halijachapwa, na sijamsomea mtoto yeyote. Nikawahesabu mmoja mmoja pale uani. Walikuwa wamerudi wote.

Nisalimie Baba Sandra, na Sandra mwenyewe. Bibi na Baba wanawakumbuka sana. Mungu awalinde huko mliko, kwenye maji makubwa.

Wako akupendaye daima,
Akiror