Mama Wilhelmina wa Magauni ya Kizamani

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu tulipokuvisha gauni la bluu lenye maua meupe, tukakupeleka Zagayu kwa kina Baba, ukalala huko. Umekuwa mwaka mrefu. Hatuna maneno mazuri ya kukuletea. Tuna uchovu, na habari za nyumbani.

Watu wengi wa Bariadi walikujua kwa kile chumba cha karibu na soko, chenye cherehani mbili na kibao ulichokiandika mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya mlango. Wengine walikujua kwa kitambaa kidogo cha amerikani ulichokishona shingoni mwa kila gauni: Wilhelmina, Bariadi. Ulikiandika kwa sindano na uzi mwekundu, hata mteja akiwa amesimama mlangoni na basi linapiga honi. "Mwenzangu," ulimwambia, pini zikiwa mdomoni, "unataka liondoke bila jina?"

Ulishona magauni ya ujana wako, yale ya miaka ya sitini: kiuno kimebana, sketi imejaa, kola ya mviringo. Na ulichagua wakati mgumu wa kuyashona. Belo za mitumba zilikuwa zikishushwa kila siku ya mnada, watu wameinamia turubai wanachagua, na vitambaa vya viwanda vyetu vinazidi kuadimika madukani. Tukalima pamba, tukaipakia kwenye malori ya wanunuzi wapya, tukarudi kuvaa nguo aliyoichoka mtu wa mbali. Wewe ulikwenda kwenye turubai hilohilo, ukachagua mapazia na mashuka, ukayafua, ukayafumua, ukayageuza magauni mapya.

Tunamkumbuka yule mama aliyelishika gauni lililotoka kupigwa pasi, bado lina joto la mkaa, akakuuliza, "Mayu, hili limetoka belo gani?"

"Limetoka mkononi mwangu."

"Mbona la kizamani?"

"La kizamani, siyo kuukuu. Hata wewe ni wa kizamani, mbona hujachakaa?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Aliondoka nalo.

Hukuwa na tabia ya kukasirika. Sayi, fundi uliyemfundisha tangu hajui kutia uzi kwenye sindano, alipokosea ulimwambia neno moja tu: fumua. Akinuna, ulimwongezea, "Fumua, mwanangu, uzi haulii." Chai yako ilipoa juu ya cherehani kila siku, na kila siku uliinywa ikiwa baridi, ukisema ndivyo unavyoipenda. Watoto wa shule walileta sare zilizochanika, ukazishona huku unawauliza habari za mama zao.

Kitu kimoja hukutufundisha, Mama, na hicho ndicho kilichotuchosha mwaka huu. Hukuwa na vipimo vya karatasi. Kwenye sanduku la bati ulikuwa na magauni matatu uliyoyashona ukiwa msichana, na hayo ndiyo yalikuwa vipimo. Ulitandika kitambaa mezani, ukalaza gauni la zamani juu yake, ukapita na chaki pembeni. Yalikuwa na majina kama watu. Kengele, lenye sketi pana. Kola, la kuendea kazini. Na Sikukuu, lile la bluu, ulilolivaa siku Baba alipokuja kwenu kwa mara ya kwanza akasahau alichotumwa kusema. Ulituambia tangu zamani kwamba hilo utaondoka nalo. Tulikuvisha.

Yalibaki mawili. Siku ya kumaliza matanga, Shangazi Ng'washi, dada yake Baba, alilifungua sanduku kugawa nguo zako, kama desturi ilivyo. Jenipha, binti yako mdogo, alilishika Kengele kwa mikono yote miwili.

"Shangazi, hizi si nguo. Hivi ni vipimo."

"Vipimo?" Shangazi aliliinua juu watu wote waone. "Tangu lini kipimo kikawa na mikono na zipu?"

Msiba mzima ulicheka. Na sisi tulicheka, Mama, tufanye nini. Kengele likaenda na Shangazi kwake Mwanhuzi. Kola likaenda Malampaka na Mama Mdogo Specioza, mdogo wako, aliyelikumbatia na kulia, nani angemnyang'anya?

Baada ya hapo chumba chako kilianza kufa polepole. Sayi alikata kwa kukisia. Sketi zikaning'inia upande, kola zikasimama kama masikio. Wateja wako wa siku nyingi waliyageuza magauni, wakayarudisha kwenye msumari, wakavuka barabara kwenda kwenye turubai. Sayi akagoma kushona jina lako kwenye kazi ile. "Siwezi kumsingizia marehemu," alisema. Alikuwa sahihi. Muuza belo naye akaja kwa Baba, anakitaka chumba. Baba akamwambia asubiri tumalize kumbukumbu ya mwaka, kisha atampa jibu.

Ndipo tukaanza safari. Stephania, mkubwa wetu, alikwenda Malampaka, akasubiri basi stendi hadi miguu ikavimba. Mama Mdogo Specioza alikataa kabisa. "Nirudishe nguo ya dada yangu? Watu waseme nilikuwa nimemchukia?" Shangazi Ng'washi naye, tulipofika Mwanhuzi na Sayi tukamkuta amelivaa Kengele, alisema nguo ya marehemu ikishagawiwa hairudi kwenye sanduku, huko ni kuita msiba mwingine, mnamwita nani tena? Tulimwelewa. Tukasimama kuaga.

Sayi ndiye aliyeuliza, "Shangazi, na kama hulivui?"

Tukatandika shuka juu ya mkeka uani. Shangazi Ng'washi, na unene wake wote, akalala chali ndani ya Kengele, alilolifumua kiunoni lipate kumwingia, mikono ameitandaza, kuku wanamzunguka. Sayi akapiga magoti, akaanza kupita na chaki.

"Nyie, mnanipima gauni au jeneza?"

"Tulia, Shangazi."

"Nimetulia. Ila hapo kiunoni msinichore mimi. Mchoreni Wilhelmina."

Kisha akaangalia juu. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni na hakuyafuta, maana tulimkataza kusogea. Mama, tulikuwa tumemkasirikia mwaka mzima. Tukamwinua watu watatu, tukamkumbatia akiwa na chaki mgongoni.

Mama Mdogo Specioza aliposikia, alikuja mwenyewe kwa basi, amelivaa Kola, akaingia chumbani akalala mezani bila kuulizwa.

Sayi alikata, akafumua, akakata tena. Wiki iliyopita alilitundika Kengele jipya mlangoni. Mama yako, Bibi Mhoja, alilizunguka, akavuta pindo, akatazama shingoni. "Mbona halina jina?" akauliza. Sayi akakaa chini, akachukua uzi mwekundu. Baba alikuwa amesimama nje. Hakuingia. Alisema tu, "Mwambieni yule wa belo atafute pengine."

Hatukudanganyi kwamba mambo ni mazuri. Turubai ni kubwa kuliko jana, shuka zuri halipatikani kirahisi, na macho yanauma. Lakini jina lako lipo shingoni, na halisingiziwi.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii hapa Bariadi, kisha tutakuja Zagayu. Aliye na gauni lako, alivae.

Wateja bado wanaliulizia lile la bluu. Wanatueleza maua yake, mikunjo yake, wanatuomba tujaribu. Bibi Mhoja anaukumbuka kila mkunjo, na Jenipha ana mwili wako, pengine tungeweza. Hatutajaribu. Tunawajibu kwamba lile lina mwenyewe, na amelivaa.

Unakumbukwa na mume wako Mzee Mashimba. Mama yako Bibi Mhoja. Binti zako Stephania na Jenipha. Wifi yako Ng'washi wa Mwanhuzi. Mdogo wako Specioza wa Malampaka. Fundi wako Sayi. Na wote wanaotembea na jina lako shingoni.

Tumechoka, Mama, lakini hatujakusahau, wala hatutakusahau.