Kopo la Udongo wa Shamba la Chini

Makutupora,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yamekuachia kidogo, au bado unaamka ukishika ukuta? Mimi mzima, ila mikono imepasuka kwa kupogoa mizabibu.

Kopo la udongo wa shamba lako la chini ulilompa kondakta wa basi la Mpwapwa lilinifikia. Hapa shambani kuna kipande kilichomwagikiwa dawa ya kuua magugu, mizabibu ikafa yote. Tumepanda miti, migunga na mikole. Mtaalamu wetu anasema mizizi yake huwalisha vijidudu vya udongoni, nao huivunja sumu polepole. Kila tukitaka kujua kama imepungua, tunaotesha maharage kwenye udongo wa pale. Nami nikaotesha kwenye kopo lako.

Mama, yalichipua manjano. Siku ya tisa yakalala.

Nikafungua daftari langu la kila siku, msimu ule kabla sijaondoka. Nimeandika kwa mkono wangu: "Nimepulizia shamba la chini. Vifuniko vinne kila bomba." Karatasi ya dawa ilisema viwili. Nilitaka nikuachie shamba safi, usiiname kupalilia. Nilipomsimulia Masima, ninayepogoa naye, alicheka: "Wewe Mgogo gani, unaua mlenda, mboga ya mama yako?" Aliponiona uso, akarudi kupogoa.

Ndiyo maana mlenda hauoti pale. Si ukame. Wala si Mama Nyemo aliyeliroga shamba, kama ulivyodhani. Misimu mitatu humsalimii jirani yako, unazunguka kwa njia ndefu ya makaburini usipite kwake, na mimi kwenye simu naitikia tu unapomlaumu. Nilishaanza kushuku, nikaogopa kulifungua daftari. Nisamehe, Mama.

Uliniuliza, "Mwanangu, nitachuma tena mlenda pale, au mvua nilizobakiza ni chache?" Nikamuuliza mtaalamu. Akasema miti haiharakishwi. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.

Basi la Ijumaa litakuletea miche ya miti hiyo. Ipandeni shamba la chini, mbuzi wasiguse majani, na msilime chochote pale kwa sasa. Kuchimba mashimo si kazi ya magoti yako. Mama Nyemo ana nguvu, lakini asishike jembe kabla hajajua ni nani aliyeliharibu shamba.

Msalimie mdogo wangu Mwaja anayekusomea barua hii, na mjomba huko kwenye ng'ombe. Salamu zangu kwa Mama Nyemo usimtume mtu. Zipeleke mwenyewe, kwa njia ile fupi.

Mwanao,
Elia