Kakao Iliyolowa Jana

Ugonile, mjukuu wangu Atupele? Umelalaje huko Dodoma? Hapa Ngonga tu wazima, ila babu yako anakohoa. Kakao ililowa jana, leo tumeianika upya, ndiyo maana naandika huku nikiinuka kila mara kutazama mawingu.

Umeniuliza kama kazi ya unasihi unayoisomea itakuwepo, maana siku hizi watu wanaiandikia simu shida zao, nayo inawashauri. Swali hilo limenikosesha utulivu.

Nikiwa msichana, mama alinituma Lyulilo kwa mdogo wake, mfinyanzi, aliyefiwa na mume ziwani. Kutwa nzima nilimshauri: ajikaze, ale, amwombe Mungu. Yeye akaendelea na vyungu vyake. Kesho yake sauti ilinikauka, nikabaki kumsaidia kusugua vyungu kwa kokoto. Tulipofika chungu cha tatu akasema, "Asubuhi ile tuligombana." Hakuwa amemwambia mtu.

Simu itafika wapi, sijui. Jana mke wa jirani alikuja na yake mkononi. Ilikuwa imemjibu vizuri, kuliko ambavyo ningeweza mimi. Akaniomba nikae naye tu wakati anasoma. Ndipo mvua ikaanza, na kakao iko nje.

Sikuinuka.

Bibi yako