Mwalimu Mkuu Kazima Injini Nzima

Mwenzangu, kaa chini kwanza. Yule Mwalimu Mkuu wetu wa urubani aliyemfelisha Mpole mara mbili eti hajui injini ipi imekufa, leo kazima injini nzima. Yeye mwenyewe. Angani!

Sikusimuliwa, nilikuwa kiti cha nyuma.

Lilikuwa jaribio la tatu la Mpole. Akifeli tena, anafukuzwa chuo. Mwalimu akazima injini ya kushoto ili ampime. Mpole akagusa goti la kushoto, akasema kwa sauti kama tulivyofundishwa, kwamba mguu usiosukuma pedali ndio upande wa injini iliyokufa: "Mguu wa kushoto hauna kazi, basi injini ya kushoto ndiyo iliyokufa."

"Usinikaririe kama kasuku!" Mwalimu akausukuma mkono wa Mpole, dada wa watu, akavuta kishikio cha kuzimia injini mwenyewe. Cha kulia! Nakwambia, cha KULIA! Ndege ya injini mbili, haina hata moja. Kimya kile sitakisahau.

"Mwalimu, hiyo ndiyo nzima." Mpole hakupandisha hata sauti. Akamtoa mkono, akaiwasha tena ile ya kulia, akatushusha salama. Simba wetu wa darasani alikuwa anamwita mama yake.

Nyani haoni kundule!

Ofisini Mwalimu akaandika mbio mbio kwenye fomu ya jaribio: AMEFAULU. "Haya mwanangu, yaliyopita si ndwele. Weka saini." Eti mwanangu! Mwezi wa tatu alimwita mzigo, mbele yetu sote.

Mpole akairudisha fomu. "Hujajaza maelezo, Mwalimu. Andika ilivyokuwa."

"Leseni si unaitaka?"

"Naitaka. Andika."

Tumejaa mlangoni. Kalamu Mwalimu anayo, bado hajaandika neno.