Mtoto wa Karagwe

Busanza, Kigali

Kaka yangu Salvator,

Nakusalimu kwa heshima, wewe, wifi na watoto. Natumaini baridi ya huko Karagwe haijawasumbua. Sisi tupo. Mama anakula kidogo, ila maneno hayajarudi tangu apate kiharusi, isipokuwa machache. Nakuandikia kwa sababu kwa simu nilijaribu nikashindwa.

Unakumbuka programu ninayoitengeneza kazini Kacyiru? Ndani yake mna sarufi, yaani kanuni za kuunga maneno yawe sentensi, na kila kanuni ina uwezekano wake: watu wakiitumia sana inapewa uzito mkubwa, wakiitumia kwa nadra inapewa mdogo. Ukiipa maneno machache, inakupangia sentensi zinazoweza kutokea, ya kawaida zaidi ikiwa juu. Niliileta nyumbani kwa ajili ya Mama. Yeye alikuwa akirudia tu mtoto, Karagwe, kulala. Juu kabisa ikaja: "Mtoto wa Karagwe amelala?" Nikajua anakuulizia wewe. Ndiyo maana nilikuwa nakupigia kila jioni, nawe ukimsikia analia ukadhani ni hamu.

Jumapili Mama aliisukuma simu ikaanguka. Nikaketi naye, nikamsomea sentensi moja moja kushuka chini. Alitikisa kichwa mpaka nilipofikia ile ambayo sarufi yangu iliipa uwezekano wa karibu na sifuri: "Nataka kulala karibu na mtoto wangu Karagwe." Akanishika mkono, hakuuachia. Nikamuuliza kama ni Salvator. Akakataa, akakunja mikono kifuani kama anayepakata mtoto mchanga.

Nilimwita mama mdogo Mugeni kutoka Gitega. Aliposikia sentensi ile aliketi sakafuni, akamwambia Mama, "Ihangane, jipe moyo, dada yangu," kisha akanieleza. Kaka, wewe si kifungua mimba. Kabla yako alizaliwa msichana, Uwizeye. Surua ilimuua wakati wazazi wetu walipokuwa ndio kwanza wamefika ukimbizini huko Karagwe, akazikwa nyuma ya kanisa la kambi. Baba alikataza asitajwe, maana kila akitajwa Mama alikuwa hainuki kitandani.

Daktari hakunificha, Mama hana muda mrefu. Nakuomba uwatafute wazee waliobaki huko wakuonyeshe kaburi. Nimemwahidi kwamba tutamlaza hapo. Akalitamka jina la binti yake, wazi kabisa.

Mama mdogo anakusalimu. Wakumbatie wanao kwa niaba yangu, na Mungu akutie nguvu.

Mdogo wako akupendaye,
Kaliza