Kikwembe ya kwaya

Mujukuu wangu Ilunga, jambo sana. Huku Kamina tuko bazima. Dada yako amezala mutoto mwanamuke, bamemupa jina yangu!

Unauliza juu ya nini sauti inarudia-rudia mu studio yako ya chini ya nyumba. Wakati nilikuwa kijana, tuliingiza nyimbo za kwaya mu kaseti, ndani ya depo tupu ya mahindi. Sauti yangu ilirudi kama ya bantu kumi. Mukubwa wa kwaya akasema, "Weye njo unaharibisha, nyamaza."

Sikunyamaza. Nikafungula kikwembe yangu ya juu, ile kitenge ya kujifunga, nikaitundika ku ukuta. Bamama bote bakafanya vile. Sauti ikatoka safi, na ile kaseti ilisikilizwa mpaka Luena.

Kikwembe ninakutumia. Usipunguze sauti, mujukuu. Valisha ukuta.

Nkambo yako Ngoy