Mkia wa Bi Harusi

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wa gereji. Sisi hatujambo; kifua cha mama kimeachia, na cherehani ya baba bado ndiyo inayotuamsha. Leo nimeamua kukueleza yote bila kuficha, hata yasiyopendeza, kwa hiyo naanza na hilo: Bi Harusi aliugua.

Usishtuke, yu hai. Niliona ncha za mkia wake, ule mrefu uliokufanya umpe jina hilo, zimekuwa nyeupe na kuchanikachanika. Kisha ubavuni pakatokea kidoa kama kipande cha pamba. Maji ya tangi nayo yalikuwa na ukungu, ingawa nilikuwa nimetoka kuyabadilisha. Mama alisema samaki wa mapambo akiugua ni hasara tupu, hata mchuzi hana.

Nilikwenda kwa yule mama wa duka la samaki kutafuta dawa. Akaniambia nisiwe na pupa ya chupa, kwani pezi likiliwa kidogo hivyo, dawa ya kwanza ni maji safi. Alinielekeza nimtenge mgonjwa kwenye beseni, nimwekee maji ya bomba yaliyolala ndani ya ndoo wazi, yenye joto lilelile alilozoea, na kila siku nibadilishe sehemu yake tu. Akanipimia na chumvi tupu isiyochanganywa na kitu, niiyeyushe kando kwanza. Mwishoni akauliza ni nani mwingine anayewalisha. Nikamwapia kuwa ni mimi peke yangu, tena kwa ncha za vidole. Akaguna, akasema basi hayo maji yanachafuliwa na jini.

Beseni lilimfaa Bi Harusi, kidoa kikaanza kupungua. Lakini tangini ukungu haukuisha, na samaki mwenzake, Mchoyo, naye mapezi yakaanza kuchakaa. Hapo niliogopa, kaka. Siku ulipoondoka uliniachia hao samaki mbele ya baba, naye amekupa mgongo, akisema asiyetaka kurithi cherehani yake aondoke na samaki wake pia, la sivyo atawamwaga mferejini. Niliona wakifa wote hutakuwa na sababu ya kurudi.

Jumatano ya wiki iliyopita walimu walikuwa na kikao, tukaruhusiwa mapema. Nilipofika nyumbani nilishangaa kusikia cherehani iko kimya. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, utepe wa kupimia shingoni, akimega mkate na kuudondosha majini. Alikuwa akiwahimiza washibe, maana mwenye nao yuko mbali na hakuna ajuaye kama amekula.

Aliponiona alisema anafuta kioo. Kwa mkate, kaka! Sikucheka. Nilimweleza taratibu kwamba masalio ya mkate huozea chini ya kokoto, na ndiyo yaliyowadhuru. Aliziangalia kokoto kama fundi aliyekata vibaya kitambaa cha mteja. Halafu akakunja mikono ya shati, akanisaidia kufyonza uchafu kwa mpira.

Tangu hapo hulisha mbele yangu, nami nampimia. Jana aliniita, miwani puani, nione: pembeni mwa mkia wa Bi Harusi limeanza kuota pezi jipya, jembamba, bado halina rangi. Alisema pindo linarudi. Kisha, bila kunitazama, akauliza kama huwa unawaulizia samaki katika barua zako. Nikasema ndiyo, kila mara. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayetafuta uzi uliodondoka, kama huwa unamuulizia na mwingine yeyote hapa nyumbani. Nilijifanya nachota maji, kwa sababu barua zako zote humsalimu mama, mimi na samaki, basi.

Mama anakusalimu sana, anasema uache kulala na madirisha wazi. Mchoyo naye anakusalimu, ila kwa uchoyo wake salamu yake ni ndogo. Nami nakutakia kazi njema na afya.

Tafadhali nijibu mara tu uipatapo hii: nimwambie baba kwamba umemuulizia, au utamuuliza hali mwenyewe?

Mdogo wako,
Sindano